Fosi akaunti: hatari yote kaachiwa mkuu wa shule

Mradi wa serikali ukikwama watu swali la kwanza ni nani kala hela. Sawa, wizi upo na TAKUKURU wana kazi yao, ila mradi unaweza kufa hata kama hakuna aliyegusa senti, na hapo ndo huwa hatutaki kupaongelea.

Chukua madarasa ya UVIKO, yaliyojengwa kwa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa na kutafuta mafundi yenyewe badala ya kumpa mkandarasi. Mwaka 2021, mkopo wa IMF trilioni 1.3, sehemu yake ikaenda kwenye madarasa 15,000, kila moja milioni 20, na Januari 2022 watoto wawe ndani. Yalijengwa na sibezi, shule nyingi zilipumua. Lakini iangalie hiyo milioni 20, ni ileile kwa shule iliyo jirani na kiwanda cha saruji pale Wazo na ileile kwa shule ya Ukerewe ambako mfuko mpaka uvuke ziwa, halafu nchi nzima inatafuta saruji, bati na nondo kwa wakati mmoja, sasa mwenye hadwea atakuonea huruma kwa lipi?

Akijenga mkandarasi kuna dhamana, kuna hela inashikiliwa mpaka kipindi cha matazamio, cha kuangalia kasoro za jengo, kiishe, ukuta ukipasuka unajua wa kumfuata. Fosi akaunti imetoa faida ya mkandarasi na gharama zimeshuka kweli, ila hatari haikutoka, imehamia kwa mkuu wa shule aliyesomea Historia na Kiswahili pamoja na kamati zake, ya ujenzi, ya manunuzi, ya mapokezi. Hiyo ya mapokezi ndo inanichekesha na kuniumiza. Lori la mchanga linafika giza limeshaingia, tripu haijajaa, fundi anasema bila mchanga kesho hakuna kazi hapa, mama wa kamati anasaini kwa tochi ya simu. Mkaguzi akija anakuta makaratasi yana mchanga mwingi kuliko ukuta, na anayehojiwa ni huyo mama.

Udongo nao. Ramani inatoka TAMISEMI, nzuri tu, ila ukiipeleka kwenye ule udongo mweusi wa mbugani unaovimba masika na kupasuka kiangazi inabidi msingi uende chini zaidi, na hela ya kupaua inaishia ardhini. Ndo maboma hayo tunayapita barabarani kila siku. Baadaye wananchi wanaitwa kikao cha michango na wanaambiwa hawana moyo wa maendeleo!

Siku hizi manunuzi yanapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, hatua nzuri, bei zinaonekana. Ila NeST haioni udongo wala haijui barabara inakatika mwezi gani. Mimi ningeanza na asilimia 10 ya hela ya mradi iwe ya dharura, ikae halmashauri kwa ajili ya msingi na usafiri tu, na kiwango kipangwe kwa umbali, sio flati reti. Mhandisi wa halmashauri afike shimo likiwa wazi, kabla zege halijamwagwa, sio tunamwona wiki ambayo Mwenge unakaribia na watu wanahaha kupaka rangi. Na fundi asimaliziwe hela yake mpaka mvua za kwanza zipite juu ya lile bati. Najua fundi atapandisha bei, apandishe, tukubaliane mapema na iandikwe kwenye mkataba, maana sasa hivi paa likivuja wa kwanza kupigiwa simu ni mkuu wa shule na hela ya kurekebisha hana.