Musawo Akishuku Ebola, Nani Anabeba Gharama?

Kila mlipuko wa Ebola ukitangazwa hapa Uganda unasikia yale yale, wasawo (ndo tunavyowaita wahudumu wa afya, mmoja ni musawo) wafundishwe zaidi, wajue dalili, wajue kuripoti. Mi sipingi. Ila naona hilo tumelishika kwa mikono miwili wakati lenzake, hasara anayobeba musawo akishashuku, tunaliruka kila mara.

Wanaotetea mafunzo wana hoja nzito na si haki kuwapuuza. Chukua hospitali ya Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda, Oktoba 2000. Wanafunzi wa unesi wanaanza kufa na hakuna anayeelewa, Dk Matthew Lukwiya, mkuu wa hospitali hiyo, yuko Kampala masomoni, anaitwa arudi haraka, anakaa na mafaili ya wagonjwa waliokufa anayapitia usiku, analinganisha na maandishi ya WHO, mwisho anaona hii ni homa ya virusi ile ya kutokwa damu. Hakusubiri barua ipande ngazi, aliwafikia wakubwa wa wizara moja kwa moja. Ilikuwa Ebola, watu 425 waliugua, 224 wakafa, na yeye mwenyewe akawa mmoja wao Desemba ya mwaka huo huo. Sasa piga hesabu kama angesema tu ni malaria, tuongeze kwinini.

Au Kasese, wilaya ya mpakani na Kongo, Juni 2019. Mtoto wa miaka 5 anavushwa kutoka Kongo, anafikishwa hospitali ya Kagando, wasawo wanashtuka, anahamishiwa Bwera kwenye kitengo cha Ebola, na hapa kwetu ugonjwa haukusambaa. Pale mafunzo yalilipa kweli, tena karibu wahudumu 4,700 walikuwa wameshachanjwa. Lakini jamani, ng'ambo ya mpaka Kongo ilikuwa inaungua kwa Ebola karibu mwaka mzima, kila mtu Kasese alikuwa macho. Kushuku kitu ulichoambiwa kinakuja ni rahisi.

Mubende 2022 hakuna aliyewaambia. Kijana wa miaka 24 alianza kuumwa Septemba 11, akapita kliniki za watu binafsi kabla ya kufika hospitali ya rufaa, majibu ya UVRI, maabara ya taifa ya virusi iliyoko Entebbe, yanatoka yeye ndo anakufa, tarehe 19, kesho yake mlipuko ukatangazwa. Waliporudi nyuma wakakuta vifo vingine vya kutia shaka mwanzoni mwa mwezi huo. Mpaka unaisha Januari 2023 waliothibitishwa walikuwa 142, vifo 55, na wahudumu wa afya 19 waliambukizwa, 7 wakafa, akiwemo Mtanzania Dk Mohammed Ali aliyekuwa huku anasomea upasuaji.

Hebu kaa kwenye kiti cha musawo wa kliniki ya senta, pale penye maduka machache kijijini. Ijumaa jioni, chumba kimoja, pazia katikati, vitanda viwili. Anaingia mtu ana homa, kichwa, mwili hauna nguvu, anatapika. Unapima malaria, mistari miwili, ni malaria. Na hata kama ana Ebola, malaria anaweza kuwa nayo vile vile, hicho ndo kipimo hakikwambii. Unatundika dripu, analipa, anaenda. Damu ambayo kila mtu anaingoja kama alama huchelewa, na wengi hawatokwi damu kabisa. Sasa mwongozo unasema mshuku. Kwa lipi hasa? Leo umeona watu 15 wenye homa hiyo hiyo.

Tuseme umeshuku, umepiga simu. Hapa ndo pagumu. Gari likija na watu wamevaa yale manguo meupe mtaa mzima umeona, wateja wameisha, hata majibu yakirudi safi bado utaitwa kliniki ya Ebola. Yakirudi mabaya, wewe na nesi wako mnawekwa siku 21 mnaangaliwa, na mwenye nyumba anataka kodi yake mwisho wa mwezi kama kawaida. Mtu anaeleza hivi na anajibiwa eti ni uoga. Mi naona ni hesabu tu.

Wasiotaka anayepiga simu alipwe fidia nao wana lao, wanasema ukiwalipa na kuwapigia makofi wanaopiga simu utapata simu za kila homa, maabara itazama, na yule mwenye malaria kali atafungiwa chumba cha kutengwa anasubiri majibu huku sindano ya malaria inachelewa. Hilo ni la kweli, mtoto anaweza kufa kwa malaria ndani ya hema la Ebola. Lakini siku hizi majibu ni tofauti na zamani. Mwaka 2000 sampuli zilienda Afrika Kusini, mlipuko wa wilaya ya Bundibugyo 2007 wagonjwa wa kwanza ni Agosti na jina la ugonjwa likajulikana mwisho wa Novemba, tena baada ya sampuli kufika Marekani. Sa hivi Entebbe wanajibu ndani ya siku moja au mbili sampuli ikiwafikia. Kinachochelewa ni sampuli kuanza safari.

Na kama bado unaamini elimu peke yake inatosha, angalia Januari 2025. Aliyefungua mlipuko wa Kampala alikuwa nesi wa miaka 32 wa Mulago, hospitali ya taifa ya rufaa. Alipoumwa alizunguka vituo kadhaa vya afya mpaka Mbale, na kwa mganga wa kienyeji pia. Mtu wa ndani kabisa! Ilipofika kwake mwenyewe hakuwa tofauti na sisi wengine, na waliompokea nao hawakuishuku haraka. Mlipuko ule ulidhibitiwa vizuri, ulitangazwa kuisha Aprili 26 ukiwa na wagonjwa 14 tu ukijumlisha wale wa kudhaniwa, lakini sifa kubwa ni ya kilichofanyika baada ya kutambuliwa.

Kwa hiyo mimi ningepunguza semina za hoteli (zile za posho na samosa, ambazo mara nyingi anaenda inchaji, mkuu wa kituo cha serikali, wakati mgonjwa wa kwanza anapita kwa mtu binafsi) nipeleke hela sehemu mbili. Moja, boksi la glavu na mtu wa kuja kuchukua sampuli kimya kimya, bila msafara. Pili, mfuko mdogo wilayani wa kumlipia kodi na mshahara wa siku 21 mwenye kliniki aliyepiga simu, awe amepatia au amekosea, maana ukimlipa aliyepatia tu atangoja mpaka awe na uhakika, na uhakika wa Ebola kwenye kitanda chako ni kwamba umeshachelewa.