Rudisheni shule za mazoezi

Kila nikisikia vyuo vikuu vya nyumbani Tanzania vinapitia upya mitaala ya ualimu, huwa najiuliza kama safari hii wataigusa BTP, yale mazoezi ya kufundisha wanayopelekwa wanachuo mashuleni. Naishi Jyväskylä, Ufini, mji uliofunguliwa seminari ya walimu mwaka 1863, na chuo kikuu cha hapa hadi leo kina shule yake chenyewe ya mazoezi. Anayesomea ualimu wa Kiingereza anafundisha humo, mwalimu mlezi amekaa nyuma ya darasa. Kipindi kikiisha wanakichambua: wewe umeongea muda gani, watoto wameongea muda gani, yule wa dirishani mbona hakufungua mdomo?

Mimi nilisoma fonolojia, sintaksia na fasihi, kisha nikapangiwa shule ya kufanyia BTP. Msimamizi alipokuja alikagua andalio la somo na azimio la kazi, akasaini, akawahi basi. Nilihitimu nikijua kuchora mti wa sentensi. Namna ya kuwafanya watoto 80 wa kidato cha kwanza waongee ndani ya dakika 40, hakuna aliyenionyesha.

Sisemi tuinakili Ufini. Huku mtoto anasoma fizikia kwa lugha yake, na filamu za kigeni kwenye televisheni huachwa na sauti zake, tafsiri inaandikwa chini, kwa hiyo Kiingereza kinamwingia hata akiwa kwenye kochi. Mtoto wa Bahi au Chamwino anaongea Kigogo nyumbani, anasoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba, halafu ghafla anakutana na baiolojia kwa Kiingereza. Mwalimu wake wa Kiingereza amebeba masomo ya wenzake wote. Basi chuoni afundishwe hilo: kusoma na wanafunzi aya ya baiolojia, kuwaonyesha jibu la historia linavyojengwa. Sintaksia ipunguzwe nusu, wahadhiri wangu mnisamehe.

Wala shule ya mazoezi si jambo geni kwetu. Vyuo vya ualimu vilikuwa nazo jirani, na mpaka leo kuna shule za msingi zinazoitwa Mazoezi. Vyuo vikuu vya UDOM na St John's viko Dodoma mjini, shule za kata zimevizunguka. Mwanachuo angekwenda asubuhi moja kila wiki tangu mwaka wa kwanza, kwa daladala tu. Gharama kubwa itakuwa posho ya mwalimu mlezi, na hapo ndipo natarajia mjadala ukwame, kwa sababu mazoea yetu ni kwamba wanachuo wa BTP wakifika, mwenye somo anawaachia vipindi vyote na kwenda kupumzika.