Sungura Hapati Uchungu wa Siku Tatu

Juzi kwenye WhatsApp ya ukoo, ami mmoja katurushia habari: wataalamu wamelinganisha namna mbili za kushona fistula (tundu kati ya kibofu na uke, mkojo ukawa unavuja) kwa sungura, moja imeshinda. Chini kaandika, "Alhamdulillah, akina mama wamepata tiba." Wakamiminika wenye kupiga makofi.

Akina mama gani, ami?

Majaribio haya yanauliza maswali ya fundi. Ushone tabaka moja au mbili? Uache hivyo, au upenyeze katikati kipande cha mafuta chenye mishipa yake ya damu, kama alivyoonyesha daktari Mjerumani Heinrich Martius mwaka 1928? Maswali mazuri. Lakini tazama tundu lenyewe limepatikanaje. Mnyama kapigwa nusukaputi, kisu kikali kikatoboa nyama nzima yenye damu tele, kisha mtobozi yuleyule akaziba. Hongera zake.

Wenye punda hapa Lamu wanalijua hili bila shahada. Punda akichanwa na bati, unaosha, unashona, yamekwisha. Aliyesagwa mgongo na shehena ya mchanga ni habari nyingine: nyama imekufa chini kwa chini, unadhani kidonda kimefunga, kumbe kinafumuka pembeni. Fistula ya uzazi ni ya aina hiyo ya pili. Kichwa cha mtoto kimekwama, kimekibana kibofu kwenye mfupa wa nyonga siku mbili, tatu; damu haipiti, nyama inakufa. Mtoto mara nyingi hutoka maiti. Siku chache baadaye nyama ile inamong'onyoka na mkojo unaanza kuvuja. Daktari anakuta kovu gumu, nafasi finyu, na pengine njia ya mkojo yenyewe imeliwa nusu. Uzi ushike wapi? Mwambieni sungura aliyeshinda aje atuonyeshe.

(Na mashua ya kumwahisha mzazi hospitali kutoka Kiunga usiku, kabla nyama haijafa, kusi likivuma, haihitaji utafiti wa mnyama yeyote.)

Haya, shingo upande: afadhali sungura kuliko J. Marion Sims, daktari Mmarekani aliyejifunzia kazi hii jimboni Alabama miaka ya 1840 juu ya wanawake watumwa, bila nusukaputi. Mmoja wao, Anarcha, peke yake alipasuliwa mara 30 hivi. Na bado Sims alijengewa sanamu New York, ikang'olewa mwaka 2018.

Ila kulinganisha kwa heshima kunawezekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulishirikisha akina mama wenyewe, kwa ridhaa yao, katika hospitali 8 za nchi 8 za Afrika, Kenya ikiwemo. Swali lilikuwa dogo: fistula isiyo ngumu ikishashonwa, mpira wa mkojo ukae siku 7 au 14? Zikaonekana 7 zinatosha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri siku 7 hadi 10. Zimepungua siku nne hadi wiki nzima! Kitanda kinapata mwingine, na mama wa Faza anarudi kwa wanawe mapema.

Sasa nendeni kwenye lile linalofichwa. Kuna mwanamke ambaye tundu limefungwa kabisa, faili limeandikwa "amepona", naye bado analowa kwa sababu njia ya mkojo haina nguvu tena ya kuuzuia. Kwenye hesabu za hospitali yeye ni ushindi. Linganisheni njia za kumtibu huyo, na atakayesema amepona au hajapona awe yeye, si faili.