Mto mdogo, boti nyingi: hizi safari za kulipia za kuvua stilihedi zinamfaa nani?

Baba mdogo ana magoti mabovu, ndio maana tulilipia mtu wa kutupeleka. Kakaa Portland, Marekani, zaidi ya miaka 20, kazi zake zote ni za kusimama, lakini kakulia Mwanza na mtu wa ziwani hata umpeleke wapi atakuuliza tu hapa kuna samaki gani. Basi mwezi wa pili tukaenda mto Nestucca, pwani ya Oregon, asubuhi baridi ya kukata masikio, tukaingia kwenye boti la makasia lenye tumbo bapa, wateja wawili mbele na muongozaji nyuma anapiga makasia kinyume na maji ili boti lishuke polepole.

Kwa asiyemjua, stilihedi ni trauti. Ndiye yule yule mwenye mstari wa waridi ubavuni ambaye Waingereza walimpandikiza mito ya Mlima Kenya mwanzoni mwa karne ya 20, spishi moja kabisa, ila huyu wa huku akishakaa mtoni kama miaka miwili anashuka baharini, anazunguka Pasifiki, anarudi mnene kilo tatu nne tano na wengine zaidi ya hapo, kutaga kwenye kokoto za mto ule ule aliozaliwa. Na tofauti na salmoni wa Pasifiki ambao wakishataga wanakufa, huyu anaweza kurudi baharini na kuja kutaga tena mwaka mwingine. Hilo la mwisho liweke kichwani maana ndilo linalobeba hoja nzima ya kukamata na kuachia: samaki uliyemwachia leo unaweza kumpata tena, na wajukuu zake pia.

Saa nne hivi baba mdogo akapata mmoja. Muongozaji hakumtoa nje ya maji hata kidogo. Alimshika mkia, akamlaza kwenye wavu, akatuonyesha kale kapezi kadogo ka nyama kati ya pezi la mgongo na mkia, kapo, kwa hiyo ni samaki wa asili (wale wa vituo vya kutotolesha wanakatwa hako kapezi wangali vifaranga ili wajulikane). Akachomoa ndoano upande wa kulia wa taya. Halafu baba mdogo akainama akaona upande wa kushoto kuna kidonda kingine, kibichi, chekundu, hata hakijaanza kufunga. Akauliza, na hiki? Muongozaji akanyamaza kidogo kisha akasema, ya jana au juzi hiyo, inawezekana ni mimi.

Tangu siku hiyo sijaacha kuliwaza hili jambo. Nimesikiliza wanaosema waongozaji wanaimaliza hii mito na nimewasikiliza waongozaji wenyewe, na kiukweli pande zote mbili zina hoja nzito, sio za kupuuza.

Tuanze na mto wenyewe. Hii mito ya pwani ni mifupi, inateremka kutoka vilima vilivyo karibu na bahari, mvua ikinyesha usiku asubuhi mto umekuwa chai ya maziwa huwezi kuvua, siku mbili tatu mbele maji yanashuka yanakuwa kijani cha kuona kidogo na hapo ndipo samaki wanapopanda na hapo ndipo kila mtu anataka kuwepo. Yaani dirisha ni dogo sana. Samaki wachache, vidimbwi vinavyofaa vinahesabika, na boti zote zinashuka siku ile ile. Mto mkubwa kama Columbia unaweza kuficha samaki, huu mdogo hauwezi. Muongozaji mzuri anajua kila jiwe, na hilo ndilo tatizo na ndilo faida yake kwa wakati mmoja. Mtu wa kawaida anakuja siku nne kwa msimu na pengine anarudi mikono mitupu zote nne, muongozaji yuko mtoni kila siku maji yanaporuhusu, na wateja wawili, na anajua samaki amelala wapi maji yakiwa kiasi gani.

Wanaowapinga wanaanzia hapo, na mi naona ni hoja ya kweli. Wanasema usihesabu leseni, hesabu siku. Muongozaji mmoja kwenye mto mdogo ni sawa na wavuvi wengi wa kawaida. Halafu mito ya jirani ikifungwa wote wanahamia ile iliyobaki wazi. Jimbo la Washington, kaskazini ya Oregon, hilo lilitokea: stilihedi wa Puget Sound, ile ghuba ya upande wa Seattle, waliwekwa kwenye orodha ya serikali kuu ya viumbe walio hatarini mwaka 2007, mito ya upande ule ikafungwa misimu na misimu, watu na boti zao wakasogea rasi ya Olympic, kwenye mito ya Hoh, Sol Duc, Bogachiel, Calawah. Mito ile ikabeba mzigo wa mkoa mzima.

Serikali ya jimbo ikaanza kukaza. Tangu 2016 hairuhusiwi kuondoka na stilihedi wa asili popote Washington. Desemba 2020 ikaja sheria kali zaidi kwa mito ya pwani, marufuku kuvua ukiwa ndani ya boti, marufuku chambo, ndoano iwe moja isiyo na kijino. Boti uliweza kulitumia kusafiri lakini ukitaka kurusha ndoano ilibidi ushuke usimame majini. Na Machi 1, 2022 mito ya pwani ikafungwa kabla msimu haujaisha kwa sababu samaki waliorudi walikuwa wachache mno.

Sasa hiyo ya kuvua kwenye boti ndiyo iliyochoma watu zaidi. Wanaoitetea wanasema boti linafika kila mahali, samaki hana pa kupumzika, ukilizuia basi ule upande wa kina ambao mtu wa miguu hafiki unakuwa kimbilio lao. Nakubali kabisa mantiki hiyo. Lakini mimi namfikiria baba mdogo. Yule hawezi kusimama kwenye mawe yenye utelezi na maji yanamsukuma mapajani, akianguka pale na zile suruali za mpira zinazofika kifuani ni msiba, kwa hiyo kwake sheria hiyo maana yake ni usije. Na sio yeye tu, wako wazee wengi, wako walemavu, wako maveterani wa vita, ambao boti la muongozaji ndio mguu wao. Ukiniuliza mimi ningesema badala ya kupiga marufuku mto mzima, chagueni vipande vya mto viwe vya kupita tu bila kuvua, na vingine viachwe wazi kwa boti. Samaki wanapata kimbilio na mzee anapata siku yake.

Upande wa waongozaji nao usikilizeni vizuri. Wanasema kwa nini sisi? Na wana haki ya kuuliza. Misitu ilikatwa mpaka ukingoni mwa maji, kokoto zikajaa matope. Barabara zikajengwa na makalavati ambayo samaki hawezi kuyapanda, jambo ambalo makabila ya wenyeji waliishtaki serikali ya Washington na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani, 2018 majaji wakagawana nne kwa nne, hukumu ya mahakama ya chini ya kuitaka jimbo iyarekebishe ikasimama. Bahari nayo ilipata joto lisilo la kawaida miaka ya 2014 mpaka 2016. Hayo yote hakuyafanya mtu mwenye boti la makasia. Halafu kamji kama Forks, pale pale rasi ya Olympic, kalikuwa kanaishi kwa mbao, biashara ya mbao ikaporomoka miaka ya 90, mwezi wa pili hamna mtalii anayekuja pale kwa hiari yake isipokuwa mvuvi wa stilihedi. Ndiye analala gesti, anajaza mafuta, anakula. Ukimwondoa yeye baridi nzima kaunta zinakaa bila mtu.

Na kuna hili ambalo nimeliona kwa macho, mteja wa muongozaji mzuri anamtunza samaki kuliko mtu aliyejiendea mwenyewe. Kwenye maji ya baridi samaki akiachiwa haraka wengi sana wanaishi, maji yakipata joto au samaki akiinuliwa juu kwa picha ndefu ndipo wanapoanza kufa, na chambo kikimezwa mpaka kwenye matamvua ni kifo. Yule jamaa wa Nestucca angeweza kumwinua tukapiga picha nzuri ya kutuma nyumbani. Hakufanya hivyo, na hatukumwomba.

Lakini sio wote. Kabla ya huyo nilishawahi kulipia mwingine, mto mwingine simtaji, wiki mbili mvua haijanyesha, maji machache na meupe kama glasi, samaki unawaona wamebanana kwenye kidimbwi kimoja wanahangaika. Nikamwambia kaka tuahirishe, akasema hela ya awali hairudi, twende. Tukashinda pale tunawarushia samaki wale wale siku nzima, na karibu na ukingo kulikuwa na sehemu kokoto zimesafishwa zinang'aa, umbo kama sahani, ni kiota, samaki jike amechimba kwa mkia wake akafukia mayai, na yule jamaa akapita juu yake na mabuti. Nilijisikia vibaya sana na nilikuwa nimelipa mimi. Pale mfumo mzima wa biashara ulikuwa unamsukuma mtu kuvua siku ambayo hakupaswa kuvua.

California walishalifikiria hili la maji machache. Mito midogo ya pwani ya kaunti ya Mendocino inafungwa yenyewe maji yakipungua, wanaangalia kipimo kilichopo mto Navarro, yakiwa chini ya futi za ujazo 200 kwa sekunde, kama mita za ujazo 5.7 hivi, hakuna kuvua. Hakuna mjadala wala hela ya awali. Muongozaji anajua, mteja anajua. Mi naipenda sana sheria ya namna hii kwa sababu inafuata maji, haimfuati mtu.

British Columbia, kule Kanada, nako wana jambo lao, tangu 1990 mito yao yenye thamani wameipanga kwa viwango, na muongozaji anapewa idadi ya siku za kuleta wateja kwenye mto fulani, zikiisha zimeisha. Hapo ndipo penye jibu kwa maoni yangu, kupanga siku kwa mto. Ila nako kuna kidonda chake, siku zikishakuwa na kikomo zinageuka mali, aliyezipata mapema anakaa nazo, kijana mpya wa kijijini hana pa kuingilia mpaka amnunulie mtu kwa bei kubwa. Kwa hiyo kama Oregon na Washington wataiga, siku zisiwe za kuuza. Mtu akistaafu zirudi kwa mto, zigawiwe upya, na wanaoishi bonde lile waanze.

Kuna mfano mwingine ambao watu hawautaji mara kwa mara. Kwenye ardhi ya Waquinault, kabila la wenyeji wa pwani ya Washington, huwezi kuvua kama mgeni bila muongozaji wa kabila lao. Pale muongozaji ni mwenye nyumba. Na tukumbuke uamuzi wa Jaji George Boldt wa 1974 uliyapa makabila yenye mikataba ya miaka ya 1850 haki ya nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa, na wanasimamia mito pamoja na jimbo. Mtu anayeishi kwenye huo mto na babu zake walizikwa hapo ana sababu nyingi zaidi za kuona samaki wa kesho kuliko mtu anayevuta boti lake na gari kutoka mbali msimu ukifunguliwa na kuondoka ukifungwa. Sisemi wa mbali wote ni wabaya, nasema tu uzito haufanani.

Wengine wanasema dawa ni kuzalisha vifaranga zaidi, waongozaji wengi wanalipenda hilo. Mimi silipendi. Utafiti wa mto Hood, Oregon, uliotoka kwenye jarida la Science mwaka 2007 ulionyesha kila kizazi kinacholelewa kituoni uwezo wake wa kuzaa mtoni unashuka kama asilimia 40. Unaleta samaki wa kula, sawa, lakini unaleta na umati, na umati unamkuta yule wa asili pale pale.

Baba mdogo ameshauliza kuhusu Februari. Nimemwambia tumpigie yule yule wa Nestucca, na tumuulize maswali mawili kabla ya bei: maji yakiwa machache unaturudishia hela, na tukishapata mmoja uko tayari kuegesha boti tunywe chai tu tuangalie mto. Baba mdogo kasema hilo la pili yeye angelilipia hata bila samaki.