Watoto wote wa Januari mosi

Katika kituo kimoja cha afya huko Kadutu, hapa Bukavu, nilikaa asubuhi nzima kando ya muuguzi anayepima watoto uzito. Mama anafika na mtoto mgongoni, hana karatasi ya kuzaliwa. Anachokumbuka ni kwamba alijifungua wakati wa kuvuna maharage. Kwenye rejista ya karatasi muuguzi angeandika "miezi 8" na kazi ikaendelea. Lakini programu ya tableti anayoitumia sasa inadai siku, mwezi na mwaka, la sivyo haifungui ukurasa unaofuata. Foleni imefika nje, basi anaandika 01/01. Nilipopitia orodha ya mwezi ule, karibu nusu ya watoto walikuwa wamezaliwa Januari mosi.

Aliyeunda programu ile hakukosea hesabu. Hakuwahi kukaa kwenye benchi lile.

Wazo la kumshirikisha mfanyakazi katika kuunda mashine na programu atakazotumia ni la zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kristen Nygaard, mtaalamu wa kompyuta wa Norwei, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma ili wawe na sauti juu ya mashine zilizokuwa zikiingia viwandani mwao.

Wanaolitilia shaka wazo hili wana hoja nzito. Mwulize muuguzi anataka nini, atakuomba rejista yake ileile, safu kwa safu. Kituo jirani kitaomba nyingine. Kongo ina zoni za afya, yaani maeneo ya kusimamia huduma za afya, 519. Kila moja ikipata fomu yake, nani ataweza kulinganisha surua ya Bukavu na ya Lubumbashi? Halafu saa mbili za mkutano ni saa mbili za wagonjwa kusubiri, na anayeitwa mkutanoni huwa ni mkubwa wa ofisi, si yule anayeshika kalamu. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Hoja ya fomu nyingi ilipata jibu Afrika Kusini. Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994, watafiti na wahudumu wa afya huko Cape Town walianza kujenga mfumo wenye takwimu chache ambazo kila kituo lazima kitoe. Zaidi ya hizo, kila ngazi inaongeza inazohitaji. Kutokana na kazi ile ilikuja DHIS2, programu ya kukusanya takwimu za afya, ambayo hata wizara yetu ya afya inaitumia.

Kuhusu rejista, nadhani tunaharakisha kusema muuguzi ameng'ang'ania mazoea. Kweli, yule wa Kadutu alitaka pia safu ya kurudia jina la mtoto, kazi ambayo mashine inaifanya yenyewe; hapo ningemkatalia. Lakini nilipomwuliza angebadilisha nini kwanza, alifungua rejista, akaweka kidole kwenye safu ya umri, palipochapwa neno "miezi", akaniambia: "Mwanangu, hii waiweke na huku kwenye tableti."