Nguruwe wa McCoy anasingiziwa

Ukisikia habari za ugomvi wa Hatfield na McCoy, koo mbili za Marekani zilizouana karne ya 19, utaanza kuambiwa kwamba chanzo chake ni nguruwe aliyeibwa. Mimi naona nguruwe huyo anabebeshwa mzigo wa watu.

Kesi yenyewe ilikuwepo. Mwaka 1878 Randolph McCoy, wa upande wa Kentucky wa mto Tug Fork, unaotenganisha jimbo hilo na West Virginia, alimshtaki Floyd Hatfield kwa wizi wa nguruwe. Kule milimani nguruwe waliachiwa porini wajitafutie matunda ya mialoni, na mwenye mali alijulikana kwa alama aliyochanja masikioni mwa mnyama. Mkigombania alama, inabaki kauli yako dhidi ya yangu. Hakimu alikuwa Hatfield. Waamuzi walikuwa 12, 6 kwa kila ukoo. McCoy akashindwa, kwa sababu Selkirk McCoy alipiga kura upande wa pili.

Damu nzito kuliko maji, tunasema. Lakini Selkirk alikuwa kibarua katika kazi ya magogo ya Devil Anse Hatfield, mkuu wa ukoo wa ng'ambo, West Virginia. Hapo ndipo pa kutazama. Miti ilikatwa, magogo yakafungwa kama chelezo, kisha watu wakasubiri mto ufure uyachukue hadi sokoni. Mwenye msitu ndiye aliyekuwa na ajira mkononi, na Devil Anse alikuwa amepata ekari 5,000 kwa kumshinda Perry Cline katika shauri la ardhi. Cline akahamia Pikeville, makao ya wilaya upande wa Kentucky, akawa mwanasheria.

Damu ilimwagika kweli siku ya uchaguzi, Agosti 1882. Wana watatu wa Randolph walimchoma Ellison Hatfield, mdogo wake Devil Anse, visu zaidi ya 20, kisha wakampiga risasi. Alikufa baada ya siku mbili. Vijana hao wakavushwa mto, wakafungwa kwenye vichaka na kupigwa risasi bila kesi. Kentucky ikawashtaki watu 20, na kwa miaka mitano hakukamatwa hata mmoja.

Miaka hii mitano wasimulizi huiruka, nami sielewi kwa nini, maana ndiyo inayovunja hoja ya chuki isiyozimika. Moto uliwashwa upya mwaka 1887, Cline alipomshawishi gavana wa Kentucky afufue hati zile za mashtaka na kutoa zawadi kwa watakaowakamata. Gavana wa West Virginia aligoma kuwatoa watu wake. Frank Phillips, aliyetumwa na Kentucky, akavuka mto na kuwateka tu. Akina Hatfield wakajibu usiku wa Januari 1, 1888: wakachoma nyumba ya Randolph, wakamuua binti yake Alifair na kijana wake Calvin, na mama yao akapigwa hadi kuachwa akidhaniwa amekufa.

Shauri la utekaji lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka huohuo. Ikaamua kwamba hata kama walitekwa kinyume cha sheria, Kentucky haizuiwi kuwahukumu. Wengine wakafungwa maisha. Ellison Mounts, wa upande wa Hatfield, akanyongwa Pikeville Februari 1890, kibarua mwingine asiye na ekari hata moja. Reli ya Norfolk and Western ilipita bonde hilo mwaka 1892, ikifuata makaa ya mawe na mbao. Devil Anse, ambaye hakuwahi kusimama kizimbani kwa mauaji hayo, alikufa kitandani kwake mwaka 1921.