Nyumba zipo, taa zimezimwa
Makala inasema vijana wa Gaeltacht, yale maeneo ya Ayalandi yanayozungumza Kiayalandi, wanahama kwa kukosa nyumba. Kweli, ila nyumba zipo! Nafanya kazi Conamara, mojawapo ya maeneo hayo. Januari napita nyumba nzima nzima zina giza, mlangoni kisanduku cha ufunguo cha kubonyeza namba, kinangoja watalii wa kiangazi. Mwenzangu kazini, mzaliwa wa palepale, amepanga Galway mjini, na wanawe sasa wanamjibu kwa Kiingereza. Sensa ya 2022 ilikuta watu 20,261 tu katika Gaeltacht wanaotumia Kiayalandi kila siku nje ya shule, kati ya wakazi 106,000 na ushee. Na sharti la lugha, yaani mkaaji awe anazungumza Kiayalandi, pale linapowekwa, linabana nyumba mpya tu. Nyumba ya zamani anauziwa yeyote mwenye hela.